Kavu Kwanza, Kibichi Baadaye: Kumkinga Ng'ombe na Mbuzi Asifure Tumbo

Kwa mfugaji wa Kangemi, Kawangware, Dagoretti na Uthiru

Ukifugia kwenye ploti ndogo, unalisha kinachopatikana: nyasi za kando ya barabara, majani ya kabeji na maganda ya viazi kutoka sokoni, pengine Marikiti katikati ya jiji. Malisho haya yana faida, lakini yakitolewa vibaya yanaweza kumuua ng'ombe kwa saa chache.

Kwa nini tumbo hufura?

Chakula huchacha katika tumbo la kwanza na kutoa gesi, ambayo mnyama huitoa kwa kupiga mbweu. Lusani na majani machanga yenye umande hufanya povu zito kama la sabuni, na gesi hunaswa humo. Kiazi kizima kikikwama kooni, gesi hukosa njia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki ingali jaani. Ikiliwa hujikusanya tumboni na kumfurisha mnyama mara kwa mara.

Dalili

- Ubavu wa kushoto umeinuka. Ukiugonga unalia kama ngoma.
- Ameacha kula na kucheua, anajipiga tumbo kwa mguu.
- Anahema kwa shida, mdomo wazi.

Fanya hivi haraka

1. Mwondoe malishoni, mwite daktari wa mifugo.
2. Msimamishe penye mteremko, miguu ya mbele iwe juu.
3. Kama anameza vizuri, mnyweshe mafuta ya kupikia polepole: ng'ombe nusu lita, mbuzi mililita 50 hadi 100. Usimwinue kichwa sana, yasije yakaingia mapafuni.
4. Ukishuku kitu kimekwama kooni, usimnyweshe chochote.
5. Usimdunge kisu, kazi hiyo mwachie daktari.

Kinga

- Anika lusani hadi inyauke kabla ya kulisha.
- Badilisha malisho kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14, hasa mvua inapoanza baada ya kiangazi.
- Gunia la sokoni limwage chini, ulichambue kwa mkono. Kamba ya nailoni hufanana na shina la sukuma wiki, na ng'ombe hachagui. Viazi vikatekate.
- Kila asubuhi mpe nyasi kavu kwanza, ashibe kiasi. Umande ukishakauka, ndipo umpe kibichi.