Nyumba Ndogo Yenye Dari ya Kulala: Pima Kutoka Juu Kabla ya Kuchimba Msingi

Familia inayojijengea katika ploti ndogo hutaka kila futi ifanye kazi. Njia moja ni kutandika dari ya mbao ndani ya nyumba, watoto walale juu na wazazi wapate nafasi chini. Wazo hilo si geni. Katika nyumba nyingi za jadi za Wamijikenda, juu ya meko palikuwa na uchaga wa mahindi. Moshi wa kuni uliyakausha na kufukuza wadudu.

Lakini mahindi hayaketi, hayavuti hewa, wala hayahitaji njia ya kukimbilia moto ukizuka usiku. Mtu anahitaji yote matatu. Kwa sababu hiyo, dari ya kulala hupangwa kabla ya msingi kuchimbwa, si baada ya mabati kuezekwa.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue nyumba yenye vipimo vya ndani vya futi 12 kwa 20, yaani takriban mita 3.6 kwa 6. Paa lina miteremko miwili ya digrii 30. Katika mteremko huo, kila ukisogea mita 1 kutoka katikati kuelekea ukutani, paa hushuka kwa sentimita 58 hivi.

Fundi akipandisha kuta hadi mita 3, kilele cha paa kitakuwa mita 4.04 kutoka sakafuni. Chumba cha chini kikipewa kimo cha mita 2.4, boriti za inchi 8 na mbao za inchi 1 juu yake huchukua sentimita 23. Kinachobaki darini, katikati kabisa, ni mita 1.41.

Je, hiyo inatosha? Mtu mzima akiketi huwa na kimo cha sentimita 90 hivi kutoka makalioni hadi utosini. Ongeza godoro la sentimita 15 na nafasi ya sentimita 10 juu ya kichwa, upate mita 1.15. Katika nyumba hii, kimo hicho kinapatikana kwenye ukanda wa sentimita 90 tu katikati. Nje ya ukanda huo, anayeamka usiku atagonga kichwa.

Sasa ongeza kozi 2 za mawe ya inchi 9 juu ya kuta. Pamoja na saruji ya kuunganishia, kuta hupanda kwa sentimita 48 hivi. Kimo cha katikati kinakuwa mita 1.89, na ukanda wa kuketi unafikia zaidi ya mita 2.5. Kozi 2 zimegeuza stoo ikawa chumba cha kulala. Zikisahauliwa, kuziongeza baadaye ni kubomoa paa.

Tahadhari ni moja: uzito wa paa husukuma kuta nje, hasa zinapopanda juu ya sakafu ya dari. Kozi hizo zinahitaji mkanda wa zege wenye vyuma kuzunguka nyumba, na mchoro uliokaguliwa na mhandisi.

Ngazi nayo ina eneo lake

Ngazi ya kawaida, yenye vidato vya sentimita 18 kwenda juu na 25 kwenda mbele, ingekula mita 3.5 za sakafu, zaidi ya nusu ya urefu wa nyumba. Ngazi ya mbao yenye mwinuko mkali huchukua takriban mita 1.2. Hiyo yafaa iwe imefungwa imara, yenye vishikio pande zote mbili, na mtu aishuke akiitazama. Haifai kwa wazee, mama mjamzito au mtoto mdogo. Hao walale chini.

Ngazi ifikie chini ya kilele cha paa, si kando ya ukuta, la sivyo anayepanda atakutana na mabati. Ukingo wa dari uwekewe kizuizi ambacho mtoto hawezi kupenya.

Nafasi ya huduma kwanza, kitanda baadaye

Wengi huchora vyumba, kisha wakatafuta mahali pa maji, stima na gesi. Kwenye nyumba ndogo, anza na hivyo.

Maji: lita 1 ina uzito wa kilo 1. Pipa la lita 200 ni kilo 200, na tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Lisiwekwe darini. Lijengewe kitako chake nje, upande wa sinki na bafu, ili mabomba yawe mafupi.

Gesi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Uvungu wa ngazi unaonekana kama mahali pazuri pa mtungi, lakini ndipo pabaya kuliko pote, kwani moto ukizuka, njia ya kushuka ndiyo itakayoungua kwanza. Mtungi ukae nje, penye kivuli na hewa.

Makaa: jiko la makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Pamoja na moshi, gesi hiyo hupanda na hewa moto hadi walipolala watoto. Jiko lisiwashwe wala kuachwa likifuka ndani ya nyumba yenye dari. Jikoni patengwe kwa ukuta unaofika paani, au pawe nje.

Uvungu wa ngazi ubaki wa ndoo, majembe na viatu. Mita ya stima iwekwe mahali pakavu panapofikika bila kuhamisha vitu.

Hewa na njia ya pili

Mabati hupika dari mchana kutwa. Dirisha moja katika kila ukuta wa pembetatu huruhusu upepo kupita. Angalau moja liwe pana kiasi cha mtu mzima kutoka, na lisifungiwe vyuma visivyofunguka kutoka ndani.

Kabla ya kuanza

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayejenga kupata kibali cha serikali ya kaunti kwanza. Wakaazi wanashauriwa kufika katika afisi ya mipango wakiwa na mchoro unaoonyesha nyumba iliyokatwa kati kutoka msingi hadi kilele. Mchoro wa sakafu pekee hauonyeshi kimo.

Na kabla ya kwenda afisini, fanyeni jaribio hili nyumbani. Tandikeni godoro, aketi aliye mrefu zaidi katika familia, kisha pimeni kutoka sakafuni hadi utosini. Ongezeni sentimita 10. Kipimo hicho apewe fundi kabla hajashika jembe.