Mawe ya Tendaguru na Siku za Mungu

Ndugu msomaji, huenda umepata kuambiwa kwamba mtu wa dini hana budi kuamini kuwa dunia iliumbwa kwa siku sita za saa 24, na kwamba akiyakubali maneno ya wataalamu wa mawe amekwisha iacha imani yake. Shaka hii imewapoteza vijana wengi. Basi na tukitazame kilima kimoja cha Tanzania.

Tendaguru iko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Mawe yake yamepangika tabaka juu ya tabaka. Matabaka matatu yana mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa waliokwisha toweka. Na baina yake yamo mawe ya mchanga yenye makombe ya baharini. Maana yake ni kwamba hapo palikuwa pwani: bahari ilipanda, ikarudi, kisha ikapanda tena, na kila mara matope na mchanga vilitua polepole, vikashikamana, vikawa mwamba. Mifupa mingi yakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 150 hivi.

Toka 1909 hadi 1913 Wajerumani waliichimba kwa mikono ya wenyeji, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilichukuliwa na wapagazi kwa miguu hadi Lindi. Kiunzi kimoja, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimamishwa Berlin.

Je, haya yanaipinga Kurani Tukufu? Hata kidogo. Katika Sura Al-Ankabut tunaamrishwa tutembee katika ardhi tuangalie jinsi uumbaji ulivyoanza. Sura Al-Hajj na Al-Maarij zinatufundisha kwamba siku ya Mungu yaweza kuwa sawa na miaka elfu, au hamsini elfu. Basi siku sita ni vipindi virefu. Tena, Mungu ajiita Rabb, yaani Mwenye kukilea kitu hatua kwa hatua mpaka kikamilike.

Neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani, kwani vyatoka kwa Mmoja. Ukiona vinagombana, chunguza tena ufahamu wako. Usikimbie elimu, wala usiiache sala. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu. Amin.