Ukungu wa Tukuyu na Maana ya Uangavu

Swali: Maji safi ni angavu. Mbona ukungu wa Tukuyu, ambao nao ni maji, huuficha Mlima Rungwe?

Jibu: Kitu angavu hupitisha nuru bila kuivuruga, hata ukaona wazi kilicho nyuma yake. Kitu nusu-angavu, kama karatasi iliyolowa mafuta, hupitisha nuru lakini huvuruga taswira; kisichopenyeka, kama ubao, huizuia kabisa. Nashikilia kwamba sifa hizi hazitokani na dutu peke yake, bali pia na mpangilio wake, na ukungu ndio ushahidi. Nuru hupinda ikivuka kimshazari mpaka wa hewa na maji, kwa kuwa kipeo cha kupinda ni takriban 1.33 majini na karibu 1 hewani. Kidimbwi kina uso mmoja tuli. Ukungu una matone yasiyohesabika, kila moja likiitawanya nuru kivyake. Huenda ukasema matone huimeza nuru. La hasha: yangeimeza, ukungu ungekuwa mweusi, nao ni mweupe. Hata kioo ukikisaga, unga wake huwa mweupe, ingawa dutu haikubadilika. Unene nao una uzito: ukungu uleule huacha michai ya karibu ionekane, huku ukiufunika mlima ulio mbali.