Somo la Kumi na Mbili: Ngeli za Mahali PA-, KU- na MU- katika Matembezi ya Berlin

Malengo

Baada ya somo hili, mwanachuo ataweza:
(a) kueleza tofauti ya maana kati ya PA-, KU- na MU-;
(b) kutumia viambishi hivyo kwa usahihi katika vitenzi, vionyeshi na virejeshi;
(c) kusahihisha makosa ya mahali yanayotokana na athari ya Kirundi, na kumweleza mwanafunzi sababu ya sahihisho.

1. Utangulizi

Katika masomo yaliyotangulia tuliona kwamba umbo la nomino au maana yake ndiyo huamua upatanisho. Ukisema *kitabu*, huna hiari: *kitabu kimeanguka*. Ngeli za mahali zina tabia nyingine. Nomino *mtaani* yaweza kufuatwa na *pana watu*, *kuna watu* au *mna watu*, na sentensi zote tatu zikawa sahihi. Kinachobadilika ni namna msemaji anavyolichukulia mahali hapo: kama nukta moja, kama eneo, au kama ndani ya kitu. Kwa hiyo kila anapochagua kiambishi, msemaji hutoa habari, na habari hiyo yaweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Mtu anayelazimika kuchagua hivyo kila dakika ni mwongozaji wa wageni wanaotembea mjini kwa miguu. Tumeuchagua mji wa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kwa kuwa historia yake imeigusa Burundi, iliyokuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na kwa kuwa Kiswahili kilifundishwa huko katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887.

2. Kifungu cha kusoma

Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Mwongozaji anazungumza na wageni kutoka Afrika ya Mashariki. Kisome mara mbili, na mara ya pili upigie mstari kila neno lenye kiambishi cha mahali.

«Karibuni, ndugu zangu. Tuanzie hapa, Wilhelmstraße nambari 92. Hapa ndipo palipokuwa na jumba la Kansela Bismarck. Jumba lenyewe limetoweka. Leo pana kibao cha ukumbusho. Mle jumbani mlifanyika Mkutano wa Berlin, tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Mlikuwa na wajumbe wa dola 14. Walizungumza juu ya Afrika, lakini hamkuwamo mjumbe wa Kiafrika hata mmoja. Wengi husema kwamba mle ndimo bara zima lilimokatwa vipande. Mimi sisemi hivyo. Mle mliwekwa masharti ya biashara na ya kutwaa nchi za pwani. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, na kwingineko, kwa mikataba ya dola mbili mbili.

«Sasa tumefika Wedding, upande wa kaskazini. Huku kunaitwa Mtaa wa Kiafrika. Kuna barabara zenye majina mnayoyajua: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Lakini simameni hapa. Hapa palikuwa na kibao cha Petersallee, jina lililotolewa mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, aliyeitafutia Ujerumani koloni kwetu. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba Peters anayekumbukwa ni mwingine, Hans Peters, ila jina la barabara likabaki lile lile. Mwaka 2024 barabara iligawanywa: sehemu moja ikaitwa Anna-Mungunda-Allee, ya pili Maji-Maji-Allee, kukumbuka vita vya mwaka 1905 hadi 1907.

«Tutamalizia Neukölln. Kule kuna Lucy-Lameck-Straße, inayokumbuka mwanasiasa wa Tanzania. Hadi mwaka 2021 iliitwa Wissmannstraße, kwa jina la Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi dhidi ya Abushiri pwani. Na mkiniuliza Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wetu, alifundisha Kiswahili wapi, nitajibu: huku huku Berlin, tangu mwaka 1900 hadi 1905; na huku ndiko alikofariki mwaka 1927.»

3. Ufafanuzi

3.1 PA-: mahali mahususi. Hutumika pale ambapo msemaji anaweza kunyoosha kidole. *Hapa ndipo palipokuwa na jumba* ni dai zito: msikilizaji yu haki kuuliza ushahidi, na kibao cha ukumbusho kinautoa. Kwa sababu hiyo hiyo mwongozaji aliwasimamisha wageni kabla ya kusema *palikuwa na kibao*.

3.2 KU-: eneo, upande au mwelekeo. *Huku kunaitwa Mtaa wa Kiafrika* hakuelekezi kwenye jiwe moja bali kwenye eneo lenye barabara nyingi. Angalia pia *huku ndiko alikofariki*. Msemaji anautaja mji, hataji nyumba. Kwa hiyo *alipofariki* lingekuwa dai kubwa kuliko habari aliyoitoa. Neno *kwingineko* nalo linafanya kazi hiyo hiyo: linakanusha kwamba mambo yote yalitendeka katika chumba kimoja.

3.3 MU-: ndani. Mbele ya konsonanti kiambishi hiki mara nyingi huwa *m-*, na mbele ya irabu huwa *mw-*: *mlifanyika*, *hamkuwamo*, *nyumbani mwake*. Sentensi *hamkuwamo mjumbe wa Kiafrika* ina nguvu kwa sababu ya *mu-*. Ingesemwa *hapakuwa na mjumbe wa Kiafrika*, ingemaanisha tu kwamba mahali pale hapakuonekana mtu huyo. *Hamkuwamo* inatuonyesha kuta, meza na mlango, na inatuonyesha nani alikuwa ndani na nani alibaki nje.

3.4 Tahadhari mbili. Kwanza, *m-* ya mahali hufanana na *m-* ya nafsi ya pili wingi. *Mlikuwa na wajumbe* yaweza kumaanisha «ninyi mlikuwa na wajumbe». Muktadha, au kionyeshi kama *mle*, huondoa utata. Pili, *-po-* hubeba mahali na wakati pia. Linganisha: *Nyumba alipozaliwa imebomolewa* (mahali) na *Alipozaliwa, baba yake alikuwa safarini* (wakati).

4. Athari ya Kirundi

Wanafunzi wetu wengi huandika:

(i) \*Niko *mu* nyumba.
(ii) \*Kitabu kiko *ku* meza.
(iii) \*Ninatoka *mu* Buyenzi.

Mwalimu asiyejua chanzo cha makosa haya huyakata kwa wino mwekundu na kuyaona tena juma lijalo. Chanzo ni hiki: Kirundi huonyesha mahali kwa kiambishi kinachotangulia nomino, *mu nzu*, *ku musozi*. Kiswahili sanifu huweka kiambishi tamati *-ni* kwenye nomino, na *-ni* hiyo ni moja kwa maana zote tatu. Tofauti ambayo Kirundi huitangaza mbele ya nomino, Kiswahili huipeleka kwenye kitenzi, kionyeshi na kimilikishi: *nimo nyumbani*, *nyumbani humu*, *nyumbani mwangu*. Mwanafunzi aliyeandika *mu nyumba* analijua wazo la ndani barabara. Hajajua tu lihamishiwe wapi.

Kosa la (ii) linataka uangalifu zaidi. *Ku* ya Kirundi mara nyingi huonyesha kitu kilicho juu ya kingine au kinachogusana nacho, yaani mahali mahususi kabisa. *Ku-* ya Kiswahili huonyesha eneo lisilo mahususi. Herufi ni zile zile, maana zinapishana. Sahihi ni *kitabu kipo mezani*. Katika (iii), jina la pekee la mji au mtaa halipokei *-ni* wala halihitaji *mu*: *ninatoka Buyenzi*. Hata hivyo upatanisho wake hubaki: *Buyenzi kuna misikiti mingi*.

Mwanachuo akumbuke kwamba *mu nyumba* ni usemi wa kila siku wa watu wengi hapa Bujumbura na ng'ambo ya pili, Uvira. Usimfedheheshe mtoto kwa lugha ya nyumbani kwao. Mwonyeshe kwamba darasani na kitabuni wazo lile lile huvaa umbo jingine.

5. Namna ya kusahihisha

Badala ya kuandika jibu sahihi juu ya kosa, muulize mwanafunzi maswali matatu:

1. Je, waweza kupaonyesha kwa kidole? Akijibu ndiyo, atumie PA-.
2. Je, unataja eneo au upande tu? Atumie KU-.
3. Je, jambo limetendeka ndani ya kitu chenye mipaka? Atumie MU-.

Wakati mwingine majibu mawili yatafaa. Usiogope. Mwache mwanafunzi atetee chaguo lake. Atakayeweza kulitetea amekwisha kuielewa ngeli.

6. Mazoezi

1. Toa kutoka katika kifungu mifano mitatu ya PA-, mitatu ya KU- na mitatu ya MU-. Eleza kila mmoja kwa sentensi moja.

2. Mwandishi mmoja ameandika: *Hapa ndipo mipaka yote ya Afrika ilipochorwa.* Kwa kutumia habari za kifungu, eleza kosa lake la historia, kisha uiandike sentensi upya kwa kiambishi cha mahali kinacholingana na ukweli.

3. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961 katika Hoteli Tanganyika, mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Linganisha: *hoteli alipouawa*, *mji alikouawa*, *hoteli alimouawa*. Kila umbo linadai nini? Mwandishi angehitaji ushahidi gani kabla ya kulitumia umbo la tatu?

4. Kazi ya vikundi. Tayarisheni matembezi ya mji wa Bujumbura yenye vituo vitatu: mtaa wa Buyenzi; soko kuu lililoungua tarehe 27 Januari 2013; na kaburi la Rwagasore, kilimani Vugizo. Kila kituo kiwe na sentensi tano za mwongozaji, na ngeli zote tatu zitumike. Nendeni kwa miguu kabla ya kuandika. Penye soko, amueni kwa pamoja kama mtasema *palikuwa na soko*, *kulikuwa na soko* au *mlikuwa na maduka*, na muwe tayari kueleza sababu mbele ya darasa.