Wafanyakazi wa Saa Kumi na Moja: Somo na Mchezo kwa Watoto



Somo la watoto mara hii ni mfano wa mwenye shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16. Mwaweza kulifundisha kanisani, au nyumbani jioni chini ya mwembe. Tayarisheni ungo mmoja wa karanga zenye maganda, vifuniko vya soda, na kipande cha chuma cha kugonga kama kengele. Vifuniko viwe vingi kuliko watoto. Sababu yake mtaiona mbele. Mchezo unawafaa watoto wa miaka 6 hadi 12.

Kwanza wasomeeni habari yote polepole. Watoto wetu wengi hawajaona mzabibu, kwa hiyo semeni shamba la karanga. Lakini saa msizibadilishe. Mwenye shamba alitoka alfajiri, tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Hizo ni saa zetu hasa, maana watu wa siku zile walihesabu tangu mapambazuko, kama tunavyohesabu kwa Kiswahili. (Hapa Arua jua huzama karibu saa moja. Ukivuka Vurra kuingia Congo huzama karibu saa kumi na mbili, kwa kuwa saa za huko ziko nyuma. Waambieni watoto tu kwamba mtu wa saa kumi na moja alibakiwa na saa moja ya kazi.)

Sasa mchezo. Choreni shamba chini kwa kijiti. Mtoto mmoja awe mwenye shamba, mwingine msimamizi, na wengine wote wakae kando, hapo ndipo sokoni. Chuma kikigongwa, mwenye shamba aende sokoni yeye mwenyewe, asimtume mtu, aite kundi la kwanza na kupatana nalo kifuniko kimoja kwa siku. Kifuniko hicho ndicho dinari, ujira wa kibarua kwa siku nzima. Wanaanza kumenya karanga. Chuma kikigongwa tena anaita kundi la pili, na hao anawaambia tu kwamba atawapa iliyo haki. Endeleeni hivyo hadi kundi la tano. Msiharakishe. Kundi la kwanza limenye mpaka vidole viume, kwa maana mtoto asiyechoka hataelewa manung'uniko yaliyo katika mfano huu. Kundi la mwisho limenye karanga tatu nne tu, halafu kazi ifungwe.

Msimamizi aanze kulipa wale wa mwisho, kifuniko kimoja kila mtu. Wa kwanza watafurahi wakidhani wao watapata vitano. Watakapopewa kimoja, kelele zitaanza. Ziacheni! Walimu wengi hukimbilia kuwanyamazisha watoto na kuwaambia Mungu ni mwema, na hapo somo linakufa. Ulizeni kwa upole: mlipatana nini asubuhi? Je, mmepunguziwa?

Kisha wageukieni wale wa mwisho: kwa nini mlikuwa mmekaa sokoni? Katika Injili walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu, walikuwa bado wanangoja siku ikielekea kuisha. Watoto wetu wanalijua jambo hili. Wamewaona mama na baba wakitoka asubuhi kutafuta leja leja mashambani mwa wenyeji, na jioni wengine wakirudi mikono mitupu. Ulizeni basi: watoto wa yule wa saa kumi na moja wangekula nini usiku ule kama baba yao angelipwa saa moja tu? Kwa maoni yangu hili ndilo swali kubwa la somo zima. Lipeni nafasi, hata mkikaa kimya kidogo.

Kuna swali jingine ambalo mtoto anaweza kuleta, nalo ni gumu. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani (WFP) liligawa familia za wakimbizi Uganda katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao. Watoto walisikia tukilinganisha nyumba yetu na ya jirani. Mtoto akiuliza kama ni Mungu aliyewaweka kundi la tatu, mjibuni waziwazi: hapana. Mgao ulipangwa na watu kwa sababu fedha zilipungua, na katika upungufu anachopata mmoja humkosesha mwingine. Mwenye shamba hakupungukiwa. Hapo chukueni vile vifuniko vilivyobaki, watoto wavihesabu wenyewe, waone kwamba kuwapa wa mwisho hakukuondoa kitu mkononi mwa wa kwanza.

Tena mfano huu usitumiwe kumtetea tajiri anayemlipa mkimbizi nusu ya kazi yake. Yule wa Injili alizidisha, hakupunja.

Kwa wakubwa kidogo ongezeni habari ya hapa petu. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka 1979, watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, wakarudi katika miaka ya 1980. Ardhi ya Lobule iliyopokea Wakongomani tangu 2013, na ya Imvepi iliyofunguliwa tena 2017 kwa ndugu wa Sudan Kusini, ni ardhi ya watu hawa. Kama kuna mzee mwenyeji karibu, mwalikeni awasimulie watoto alivyopokelewa ng'ambo.

Karanga zilizomenywa zigawanywe sawasawa na kuliwa hapo hapo. Jumapili ifuatayo rudieni mchezo, ila kundi la asubuhi sasa liitwe saa kumi na moja. Msiwaambie neno, ngojeni tu muone nyuso zao wakati wa malipo.