Kudarizi kwa Mishono ya Msalaba Kijijini Ufaransa: Anza na Shuka Kuukuu

Ukihamia kijiji cha Ufaransa ukitokea mjini, kitakachokusumbua kwanza ni saa. Maduka mengi hufungwa saa sita mchana na kufunguliwa saa nane, Jumapili kunakuwa kimya, na Jumatatu wengine hawafungui kabisa. Kama huna gari, safari ya kufuata uzi inaweza kukumalizia siku nzima. Kwa hiyo mdarizi wa kijijini haangoji uzi uishe: rangi unayoitumia sana ikibaki kitita kimoja, agiza kingine kwa posta siku hiyohiyo.

Uagize kwa namba, sio kwa jina la rangi. Wengi huko hutumia nyuzi za DMC, kampuni iliyoanzia Mulhouse mwaka 1746. Nyekundu yao maarufu ni 321, nyeusi ni 310. Kitita kina mita 8, na uzi wake ni nyuzi nyembamba 6 zilizolala pamoja. Kata kipande cha urefu wa mkono, chomoa nyuzi mbili, moja baada ya nyingine, kisha uzilaze upya. Ukizivuta pamoja zitajisokota na kukupotezea subira.

Kwenye kitambaa ndipo watu wanapotupa pesa. Aida, kile chenye vitundu vinavyoonekana wazi, kinamfaa mwanafunzi. Ufaransa huuzwa kwa hesabu ya mishono kwa sentimita. Cha kawaida ni 5.5, maana yake picha ya mishono 110 itachukua sentimita 20. Ongeza sentimita 5 kila upande. Ukishazoea, achana na maduka, uende kwenye vide-grenier, gulio la vitu vya majumbani linalofanyika zaidi Jumapili, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Matangazo yake hubandikwa kando ya barabara na kwenye duka la mikate. Fika asubuhi mapema na utafute shuka za zamani za kitani, au za kitani na pamba, ambazo Wafaransa huziita métis. Kitani halisi ni kizito na cha baridi mkononi, na ukikifinya hubaki na makunyanzi.

Nyingi kati ya shuka hizo zina herufi mbili nyekundu pembeni. Zamani msichana alitia alama vitambaa vya nyumbani kwa mishono ya msalaba, ili shuka zisichanganyike siku ya kufua. Mimi siikati kona hiyo kamwe. Nadarizi jirani yake.

Ila shuka kuukuu ina hila. Ifue kwanza kwa maji ya moto, ipige pasi, kisha pima sentimita 10 kwa pini mbili na uhesabu nyuzi, kwanza za upana, halafu za urefu. Tuseme umepata 120 upana na 100 urefu. Kila msalaba unapita juu ya nyuzi mbili, hivyo ua la mishono 60 kwa 60 litatoka na upana wa sentimita 10 na kimo cha 12. Ua litavumilia, lakini uso wa mtu utachekesha. Hesabu kabla ya kuchagua picha.

Usifunge fundo mwanzoni. Badala ya zile nyuzi mbili, chukua uzi mmoja mwembamba wenye urefu maradufu, ukunje katikati, pitisha ncha zote mbili kwenye tundu la sindano butu. Toka juu ya kitambaa, rudi chini, na huko nyuma pitisha sindano ndani ya kitanzi kabla ya kukaza. Mshono wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja kazi nzima. Ukigeuza katikati, mwanga utakusengenya.

Kuhusu mwanga, Desemba giza huingia mnamo saa kumi na moja jioni. Kazi ya kuhesabu ifanye mchana dirishani, jioni ujaze tu sehemu za rangi moja. Na kama nyumba inapashwa moto kwa jiko la kuni, kazi ilale ndani ya mfuko wa kitambaa, kwa sababu masizi hayatoki kirahisi kwenye kitani cheupe.

Mwisho, usidarizi peke yako. Uliza kwenye ofisi ya meya kama kuna chama cha point de croix, yaani mishono ya msalaba, au cha kazi za mikono. Vingi hukutana mchana kwenye ukumbi wa kijiji kwa ada ndogo ya mwaka, na Septemba ndio msimu wa kuandikisha wanachama. Ukiingia, sema bonjour kwa wote kabla ya kuuliza lolote, na wakubwa uwaite Madame na vous, ile “wewe” ya heshima, mpaka wao wenyewe wakuruhusu vinginevyo. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata shida hapo. Ukikosa chama kijijini kwako, uliza kijiji cha jirani, na uende na kazi yako mkononi hata kama Kifaransa chako bado kinasuasua.