Kibati Juu ya Ngozi ya Ngoma

Weka sarafu juu ya ngozi ya ngoma, kisha ugonge ngozi kwa ncha ya kidole. Sarafu hutulia. Ongeza nguvu kidogo kidogo, na utafika kwenye pigo ambalo sarafu itaanza kulia ghafla. Wapiga dramu hulitumia jambo hilo hilo wanapolaza duara la vibati juu ya ngoma: ngoma haibadilishwi, ila sauti huwa nyingine kabisa.

Kibati hushikwa pale na uzito wake tu. Ngozi ikipanda, hukibeba. Ikishuka, kibati huifuata kwa sababu dunia inakivuta. Lakini dunia ina kikomo: mchapuko wake ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, basi. Ngozi ikishuka kwa mchapuko mkubwa zaidi ya huo, kibati huachwa hewani.

Je, pigo hilo lazima liwe kubwa? Hapana, na hili ndilo linalonivutia zaidi. Tukipiga hesabu kwa ngozi inayotikisika mara 100 kwa sekunde, inatosha isogee milimita 0.025 kutoka mahali pake, pungufu ya unene wa unywele. Ikitikisika mara 200, robo ya hapo inatosha.

Kibati kilichoachwa hewani huanguka, kikakutana na ngozi inayopanda. Ta! Mgongano huo ni wa muda mfupi mno, na kadiri mgongano unavyokuwa mfupi ndivyo unavyozaa mitikisiko ya haraka zaidi, ambayo ngozi peke yake haikuwa nayo. Chuma kikigonga chuma, kama vibati pacha vya tari, muda hupungua zaidi. Tena sikio letu husikia vizuri zaidi kati ya mitikisiko 2,000 na 5,000 kwa sekunde, kwa hiyo mlio hafifu wa bati hupenya katikati ya mvumo mnene.

Nyuzi za chuma zilizo chini ya ngoma ya sneya hufanya kazi hiyo hiyo, ila zimekazwa. Ukizikaza zaidi, zinahitaji pigo kubwa zaidi ili ziachane na ngozi.

Mlio huo una gharama yake: kila mgongano hula nguvu ya ngozi, na mvumo hukatika mapema. Anayetaka vibati vinyamaze katika mapigo laini avisogeze ukingoni, ambako ngozi husogea kidogo kuliko katikati.